Kufuata Sabuni Kutoka Kurui Hadi Kisauni

Tangu nirudi sijapata nafasi ya kuteka maji kimyakimya. Kisimani naulizwa habari za Mombasa, harusini naulizwa tena, na kila anayeuliza anataka nianzie mwanzo. Wengine wamesikia nusu wakaongeza nusu ya kwao, na sasa ipo habari inayozunguka mpaka Gwata kwamba nilikamatwa na askari mpakani. Sikukamatwa. Nimeona niandike safari yote, kituo baada ya kituo, anayejua kusoma awasomee wenzake, nami nipumzike.

Hali ilivyokuwa mnaijua. Wakati wa vita, sabuni za Ulaya zilipoadimika, sisi wanawake wa Kurui tulipika sabuni kwa mafuta ya nazi na maji ya majivu, na watu walitufuata mpaka mlangoni. Mimi ni mjane, na wanangu wamekua kwa sabuni hiyo. Vita vilipokwisha zikaja sabuni za miche kutoka Kenya, zimenyooka, zimepigwa mhuri, na wenye maduka wa Kisarawe wakaacha kutuulizia. Masufuria yetu makubwa yakalala kifudifudi nyuma ya nyumba.

Ndipo Jumbe Athumani alipotuita barazani kwake akasema atakwenda bomani kumwomba Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, azuie sabuni ya Kenya. Alisema inaingia bila ushuru wowote, kana kwamba Kenya, Uganda na Tanganyika ni nyumba moja, na sisi tumekaa chumba cha nyuma. Tulimpigia makofi. Chausiku, mwenzangu wa kupika tangu zamani, alipiga kwa nguvu, na mimi nilimfuata.

Mjomba wangu Kondo peke yake hakupiga. Alikuwa amefanya kazi bandarini Mombasa wakati wa vita, na tangu arudi hana habari isiyoanza na "nilipokuwa Mombasa". Akasema, "Mnataka kumfungia mlango mtu ambaye hamjamwona. Mtumeni mmoja wenu aende akaone hiyo sabuni inapikwa wapi na nani." Jumbe akakubali kusubiri. Kwa kuwa nilisoma kidogo shule ya Kisarawe, wakanichagua mimi, na Mjomba akasema atanisindikiza.

Kurui mpaka Kongowe

Tuliondoka alfajiri. Mimi nilijitwisha kidebe cha mafuta ya nazi, zawadi ya kuwapelekea wenyeji wetu wa Mombasa, na Mjomba akabeba kikapu cha sabuni zetu zilizofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Nilitaka watu wa kule wazione, wajue kwamba na sisi ni wapikaji.

Tulilala Kisarawe, na kesho yake tukakata mashamba kwa njia za miguu mpaka barabara ya Morogoro, pale Kongowe. Kongowe ninayoisema ni hii ya Kibaha. Mjomba alikuwa amempelekea salamu dereva mmoja wa lori la Korogwe, Mbaraka, atukute Kongowe asubuhi. Tulikaa chini ya banda la muuza mihogo ya kuchoma tukingoja. Malori yalipita, la Mbaraka hakuna. Tulikula mihogo kwa pilipili, tukanywa maji, tukala mihogo tena. Mwenye banda alituonea huruma akatuletea madafu.

Jua lilikuwa limeshapinda Mbaraka alipofika, uso umejaa vumbi na hasira. Alikuwa ametokea Dar es Salaam, na kabla ya kushika njia yetu alikwenda kwanza kututafuta kule Kongowe ya njia ya Mbagala, akauliza nyumba hadi nyumba.

"Mzee Kondo, Kongowe ziko mbili," alisema.

Mjomba hakuinuka pale alipokaa. "Iliyo njia ya Korogwe iko moja," akajibu.

Mbaraka alitaka kukasirika zaidi, akashindwa, akacheka. Tangu hapo tulikuwa marafiki. Alinipa nafasi ya mbele ili kidebe changu kisimwagike, naye Mjomba akapanda juu ya magunia.

Mlandizi

Mto Ruvu ulikuwa umejaa. Tulipofika Mlandizi tulikuta malori yamesimama kwa mstari, na watu waliotoka kutazama darajani walirudi wakitikisa vichwa. Mbaraka akatuambia tutafute pa kulala, kwani maji yale hayatashuka upesi.

Mjomba alikuwa na jamaa pale, Bi. Tatu, mkulima wa mpunga bondeni. Alitupokea kama watu aliokuwa akiwangoja. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanishika mkono akaniingiza jikoni moja kwa moja, maana palikuwa na kazi. Kwa siku tulizokaa kwake nilitwanga naye mpunga, na sijaona mwanamke mwenye mkono kama ule. Yeye alitwanga akizungumza, na punje hazikukatika. Jioni tulikula kambale wa Ruvu aliyepikwa kwa nazi, na wali mpya unaonukia mpaka nje. Mjomba alikula akasahau kuitaja Mombasa.

Baada ya kula nilikwenda kuosha vyombo, na kwenye kibao cha kuoshea nikakuta mche wa sabuni ya Kenya. Niliugeuzageuza mkononi.

"Bi. Tatu, wewe unatumia hii?"

"Naitumia. Kwani wewe watumia ipi?"

Nikamwambia mimi ni mpikaji wa sabuni ya Kurui. Nilidhani ataona haya. Alivuta kigoda akakaa karibu yangu, akanionyesha viganja vyake.

"Nilikuwa nainunua ile yenu," alisema. "Inatakatisha, sikatai. Lakini inachoma, mwanangu. Nikifua kutwa, jioni siwezi kushika kijiko. Hii haichomi."

Nikamweleza shauri la Jumbe la kwenda bomani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, mkaizuie," akasema. "Na mimi mikono yangu mtaipeleka wapi?"

Kusema kweli nilikasirika. Siku iliyofuata nilitwanga kwa nguvu mpaka punje zikakatika, naye akaniachia hasira zangu kama mtu anayemwachia mgeni mkeka alale. Maji yaliposhuka na Mbaraka akaja kutuita, Bi. Tatu alinijazia mfuko wa mchele aliotwanga mwenyewe. "Wapelekee wenyeji wako Mombasa," alisema. "Waupike, wale, wajue Ruvu ni wapi." Nilimkumbatia, na hasira ikabaki palepale Mlandizi.

Korogwe na gari la moshi

Njia ya kaskazini kupitia Msata, Mandera na Handeni ni ndefu na ina mashimo, na sitawachosha nayo. Lori liliharibika mara kadhaa, na kila mara Mbaraka aliingia chini yake akiimba, akatoka akiwa mweusi kwa mafuta, nasi tukaendelea. Alitushusha Korogwe, akakataa shukrani, akatuagiza tumsalimie kila tutakayemkuta.

Kuanzia Korogwe tulipanda gari la moshi. Mimi nilikuwa sijawahi kulipanda. Nilidhani nitaogopa, lakini lilipoanza kuondoka nilitaka kila mtu wa Kurui awemo. Upande mmoja milima ya Usambara, juu yake mawingu yamekaa kama kilemba. Upande wa pili mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yakachoka. Kila kituo wanawake walikimbilia madirishani na vikapu: machungwa, ndizi, mahindi ya kuchoma, chai ndani ya birika.

Ndani ya behewa letu lilikuwa soko linalotembea. Mbele yangu alikaa mwanamke wa Upare mwenye magunia ya vitunguu anayoyapeleka Mombasa. Alisema akirudi hubeba kanga na vyombo vya bati. Kando yake mtu alikuwa na ngozi, mwingine ana viazi vya milimani. Nilimuuliza yule mama kama mpakani hawamsumbui.

"Kwa vitunguu? Hapana," alisema. "Mimi tangu nianze safari hizi, mpaka naujua kwa sababu gari linasimama sana."

Nilizitazama zile mali zote na kikapu changu cha sabuni, nikafikiri kwamba mimi ndiye pekee mle ndani ninayetaka njia ile ifungwe. Sikumwambia.

Taveta

Habari ya askari ni hii.

Tulibadilisha gari Kahe, tukavuka, tukasimama Taveta. Ikasemwa kwamba gari la mizigo limekwama mbele yetu kwenye reli, na hatutaondoka mpaka liondolewe. Watu wakashuka kunyoosha miguu. Akaja askari mmoja mrefu, amepiga pasi kaptura yake ikasimama kama ubao, akawa anatazama mizigo. Alipofika kwetu nilishika kikapu kwa mikono miwili. Nilikuwa na hakika sabuni yangu itazuiwa, na moyoni nilikuwa nimeshapanga nitakavyowasimulia mliobaki: wao yao inaingia, yetu inakataliwa.

"Nini hii?"

"Sabuni. Nimeipika mwenyewe."

"Sabuni pita. Na hii?"

"Mafuta ya nazi."

"Pita." Akagusa mfuko wa Bi. Tatu. "Na hii?"

"Mchele. Zawadi ya wenyeji wetu."

Akatikisa kichwa. "Nafaka hapana vuka bila kibali. Chakula ya Tanganyika nakaa Tanganyika. Ya Kenya nakaa Kenya."

Mjomba akaanza, "Nilipokuwa Mombasa," lakini askari hakumpa nafasi. Alisema ni amri, na kwamba hata yeye mama yake hawezi kumletea mahindi kutoka upande wa pili. Alisema hayo bila ukali, kama mtu anayetoa habari za msiba. Mchele utabaki pale kituoni.

Nilimfikiria Bi. Tatu na mchi wake. Sabuni, ambayo ndiyo iliyotutoa kwetu, ilikuwa imepita bila kutazamwa mara mbili. Kilichonaswa ni zawadi ya mwanamke wa Mlandizi. Nikamuuliza askari, "Na mchele ukishapikwa?"

Alinitazama. Akatazama chini, akatazama gari lisilokuwa na dalili ya kuondoka.

"Ukipikwa," alisema polepole, "hiyo si nafaka. Hiyo ni wali. Wali hawakusema."

Basi tukapika. Mama wa vitunguu akatoa vitunguu. Wanawake wa Taveta waliokuwa wakiuza ndizi kando ya reli wakaleta sufuria kubwa na kuni, na mmoja wao akaondoka, akarudi na kuku ameshachinjwa. Mtu wa viazi akamenya viazi, hatukumwomba. Mimi nilichota mafuta kidogo katika kidebe nikakaangia vitunguu, na harufu ilipoanza kupanda, mabehewa yote yakatoa vichwa madirishani. Tulikula kwa majani ya mgomba, watu wa Upare na wa Pwani, Wataveta, Wataita waliokuwa wakirudi kwao, na Baniani mzee mwenye duka aliyekula wali mtupu pembeni akausifu kwa lugha yake.

Askari alingoja mpaka wote wamepata. Kisha akavua kofia, akaiweka juu ya jiwe, akanawa, akala kwa utaratibu mpaka jani likabaki safi.

"Mama," akasema alipovaa kofia tena, "mchele hii natoka wapi?"

"Ruvu. Kwa Bi. Tatu wa Mlandizi."

"Mwambie yeye asante ya askari wa Taveta."

Tuliporudi nilimwambia. Ndiyo habari yote ya kukamatwa kwangu.

Kisauni

Tulifika Mombasa asubuhi, na Mjomba akatupoteza papo hapo. Mji ulikuwa umebadilika. Kila njia aliyoikumbuka ilikuwa imejengwa. Mwishowe alikubali kuuliza, jambo lililomuuma, na muuza kahawa mmoja akaacha birika zake kwa mwenzake akatupeleka mwenyewe mpaka daraja la Nyali. Lile daraja linaelea juu ya maji. Ukilikanyaga unalisikia linapumua chini ya miguu. Nilivua viatu nikavuka nikisoma dua, wakati watoto wa shule wananipita wakikimbia. Nilipofika ng'ambo niligeuka kulitazama tena, nikawaonea wivu watu wanaovuka kitu kama kile kila siku bila kukiona.

Wenyeji wetu walikuwa Kisauni, nyumbani kwa Bi. Zuhura, mwanamke mtu mzima, mwembamba, aliyempokea Mjomba miaka ile ya vita. Tulimkuta uani. Aliponiona mlangoni akanyoosha mikono yote miwili.

"Ndoo," alisema. "Ndoo, mwanangu, ndoo."

Nilitazama huku na huku. Karibu na kisima palikuwa na ndoo. Nikafikiri, hapa mgeni anapokewa kwa kazi kama Mlandizi. Nikaweka mzigo, nikateka maji, nikamletea ndoo imejaa mpaka juu, nikaiweka miguuni pake.

Bi. Zuhura aliitazama ndoo, akanitazama mimi, akamtazama Mjomba. Mjomba alikuwa ameshika ukuta kwa kicheko. "Kwao hivyo ndivyo wasemavyo njoo," aliniambia alipoweza kusema. Bi. Zuhura alicheka mpaka akatoa machozi, ambayo kwao ni matozi, na tangu hapo hakuniita kwa jina langu, Mwajuma. Aliniita Mama Ndoo, na Kisauni nzima ikaniita hivyo.

Alituletea mahamri na mbaazi za nazi. Nikampa kidebe cha mafuta, nikamwomba radhi kwamba mchele ulibaki Taveta matumboni mwa watu. Alifungua kifuniko, akachovya kidole, akanusa, akajipaka nyuma ya mkono. Akanusa mkono tena.

"Mafuta haya kapika nani?"

"Mimi."

"Kwenu mwapika hivi nyote?"

"Wengi wetu."

Akafunga kidebe kwa uangalifu akakiweka ndani, si jikoni pamoja na vyombo vingine. Nililiona hilo, lakini sikuelewa.

Kiwandani

Nilipomweleza kilichonileta, hakushangaa wala hakuudhika. Alivaa buibui akasema twende tukaone. Mpwa wake alikuwa msimamizi katika kiwanda kimoja cha sabuni upande wa kisiwani, akatuombea ruhusa tusimame mlangoni tutazame.

Nilikwenda pale nikiwa na chuki yangu tayari, na nitasema kilichotokea: nilipendezwa. Mapipa makubwa kama vyumba yalikuwa yakichemka, na watu waliyakoroga kwa majembe marefu, wamevua mashati, wanapokezana bila kugongana. Upande mwingine sabuni iliyoganda ilikatwa kwa waya uliokazwa, mara moja, ikatoka miche mingi iliyo sawasawa kama matofali. Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kupiga mhuri tu, na mkono wake ulikwenda kama mapigo ya ngoma. Mimi niliyeungua mikono kwa kazi ile nilijua ninatazama nini. Hawakuwa wezi. Walikuwa wapikaji wenzangu waliopata sufuria kubwa.

Tulipotoka nilimwambia Bi. Zuhura, "Sasa naelewa kwa nini hatuwezi kushindana nao. Wanawake wa Mombasa mna bahati, kiwanda ni cha kwenu."

Alisimama katikati ya njia.

"Cha kwetu?" alisema. "Mama Ndoo, mimi nimepika sabuni miaka mingi kuliko wewe. Kisauni hii nzima tulikuwa tukipika. Kiwanda kilipokuja, masufuria yetu yakapinduliwa kabla ya yenu. Wewe wataka mpaka ufungwe ukukinge. Mimi mpaka gani ungenikinga? Kiwanda kiko ng'ambo ya daraja."

Nilitembea naye mpaka Nyali. Safari nzima nilikuwa nimebeba kichwani Wakenya wanaopika sabuni na sisi tunaoumia, na sasa aliyeumia mbele yangu alikuwa Mkenya, anakanyaga lile daraja pamoja nami, amenishika mkono kwa sababu alijua naogopa.

Uani kwa Bi. Zuhura

Asubuhi yake nilimuuliza, "Basi mlipopindua masufuria mlifanya nini?"

Akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kibanda kilichoezekwa kwa makuti. Ndani palikuwa na uchaga, na juu ya uchaga sabuni ndogondogo za mviringo, nyeupe kama maziwa, zinanukia asumini na karafuu. Wanawake wa jirani walikuwa watano au sita, wanafanya kazi pamoja. Sabuni ile ni ya maharusi, ya kuogeshea watoto wachanga, ya kuwekea nguo sandukuni. Kiwanda hakiipiki, kwani hakina muda nayo. Inanunuliwa Mombasa yote, inapelekwa Lamu na Malindi.

Kikapu changu cha sabuni sikukifungua; nilikaa nao nikajifunza. Waliweka yai katika maji ya majivu. Likizama, majivu ni haba; likielea lote juu, makali yamezidi; wao hutaka limezama nusu. Sabuni ikishaganda hawaiuzi. Wanaiacha juu ya uchaga kivulini mpaka mwezi uandame tena, ukali wake upungue. Sisi Kurui tulikuwa tukiuza ingali na joto, na tukijisifu kwa upesi. Nilifikiria viganja vya Bi. Tatu, nikasikia uso unawaka.

Kisha Bi. Zuhura akatoa kile kidebe changu.

"Shida yetu ni hii," alisema. "Nazi za hapa zote zaenda kiwandani. Mafuta tunayopata ni makapi, yananuka moshi. Sabuni ya harusi haitaki mafuta hayo. Hadi ulipokuja nilikuwa nikifikiri kwamba kazi hii itakufa na mimi." Akaweka mkono juu ya kifuniko. "Mafuta ya Kurui yanaweza kuja?"

Nikamjibu, "Askari wa Taveta aliyatazama akasema pita."

Wale wanawake waliacha kazi wakatusogelea. Tulizungumza mpaka adhana ya alasiri: nani atapeleka, gari gani, mafuta yachujwe vipi yasiharibike njiani. Mjomba alimkumbuka Mbaraka na lori lake, na kwa mara ya kwanza kumbukumbu zake zilikuwa na faida. Nilikuwa nimekuja kutazama jinsi ya kufunga njia, na nilikuwa nimekaa chini ya makuti ya Kisauni nikipanga jinsi ya kuitumia.

Siku ya kuondoka, Bi. Zuhura alinisindikiza mpaka stesheni. Gari lilipopiga honi aliniambia, "Rudi, Mama Ndoo," nami nikampungia mkono dirishani.

Kurui tena

Njia ya kurudi ilikuwa nyepesi. Jumbe Athumani alituita barazani siku ileile, maana alikuwa tayari amenyoosha kanzu ya kwendea bomani. Niliwaambia yote kama nilivyoandika hapa. Nilipotaja mafuta, walio na minazi walianza kunong'onezana kwa furaha.

Chausiku akasimama. Mnamjua, hasemi ovyo.

"Mwajuma, umefanya vizuri," alisema. "Lakini mimi sina minazi. Nilikuwa nanunua mafuta yenu nikipika sabuni. Mkiuza mafuta Mombasa, mimi nitapika nini? Sabuni ya kiwanda itaendelea kuja, na sasa hata mafuta yataondoka. Na tena mmesikia: mchele wameuzuia, sabuni wameipitisha. Kwa hiyo kuzuia kunawezekana. Wanachagua."

Watu wakageuka kunitazama. Lilikuwa neno la haki, na mpaka leo naliona ni la haki.

"Wanachagua wao, Chausiku," nilimwambia. "Kwenye mchele hawakumuuliza Bi. Tatu, na kwenye sabuni hawatatuuliza sisi. Wakianza kufunga, hatujui watafunga nini. Wewe mafuta utapata kwangu, kabla sijapeleka debe moja popote. Lakini njoo nikuonyeshe la yai na la uchaga. Tupike sabuni ambayo Bi. Tatu ataiulizia mwenyewe."

Alikaa akakunja mikono. Baadaye nilipokuwa natoka aliniambia bila kunitazama, "Nitakuja kuliona hilo yai." Amekuja, na sabuni yake ya kwanza imo juu ya uchaga sasa hivi. Bado anaamini Jumbe angepaswa kwenda kuomba, na tunabishana tukikoroga.

Siku ile barazani Jumbe alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimejiuliza njia nzima ya kurudi, kuanzia Voi.

"Na siku wakifunga wenyewe, bila sisi kuomba? Bi. Zuhura wako atabaki kule na nyinyi mtabaki hapa."

"Wakifunga, Jumbe," nikasema, "watatukuta tumeshajuana."

Aliitazama kanzu yake, akapangusa vumbi lisilokuwepo.

"Basi bomani nitakwenda," alisema, "kwa kuwa nimeshajiandaa. Nitamwomba Bwana Shauri atengeneze barabara ya Kurui, madebe yenu yafike Kisarawe bila kumwagika."

Tukampigia makofi.